Jinsi ya kusoma tangazo linalopinga bunduki kwa mkinzano wa picha: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Watoto wawili wako shuleni, bega kwa bega, wanaitazama kamera bila kutabasamu. Mmoja ameshika yai la chokoleti la Kinder, lile lenye kichezeo ndani. Mwenzake ameshika bunduki ya kivita. Maandishi yanasema kwamba mmoja wa watoto hawa ameshika kitu kilichopigwa marufuku Marekani ili kuwalinda, kisha yanamwambia mtazamaji akisie ni yupi.

Jibu ni mwenye yai.

Tangazo hilo lilitoka Aprili 2013 katika kampeni iliyoitwa Choose One. Waliolitoa ni Moms Demand Action, kundi la akina mama lililoanzishwa na Shannon Watts tarehe 15 Desemba 2012. Siku moja kabla, watoto 20 wa miaka sita na saba pamoja na watu wazima sita waliuawa kwa risasi katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, Connecticut. Kampuni ya matangazo ya Grey ya Toronto ndiyo iliyobuni kampeni, na mpiga picha alikuwa Eden Robbins.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mawasiliano anayetakiwa kuandika uchambuzi, mbunifu wa mabango, mwanaharakati, na mtu yeyote anayepokea kwenye simu picha za namna hii, zinazokinzanisha vitu ili mtazamaji avilinganishe, na kuhisi zimemgusa bila kujua zimemgusaje. Nitatumia tangazo la yai kama mfano mkuu, kwa kuwa sijaona jingine linalofundisha vizuri zaidi. Wachambuzi wengi huanza na bunduki. Mimi nakuomba uanze na yai, maana bunduki kila mtu anaijua, ila hoja nzima imebebwa na kile kitu cha pili. Kitu hicho kikichaguliwa vibaya, tangazo linabaki picha ya kutisha tu.

Kabla ya kuanza, tafuta picha ikiwa kamili, isiyokatwa kingo, yenye maandishi yake madogo ya chini na nembo. Nakala zinazozunguka mitandaoni mara nyingi zimepunguzwa, na kilichokatwa kinaweza kuwa ndicho ulichokuwa unakitafuta. Andaa pia karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Funika maandishi

Weka kidole au kipande cha karatasi juu ya maneno, uitazame picha peke yake kwa dakika nzima. Andika macho yako yalitua wapi kwanza, kisha yakaelekea wapi. Kwa wengi huanza kwenye bunduki, kwa sababu ni kubwa mno kwa mwili ulioibeba. Yakitoka hapo yanapanda kwenye uso wa mtoto, ndipo yanahamia kwa mwenzake na kuuliza: na huyu ameshika nini?

Swali hilo mtazamaji amejiuliza mwenyewe. Hakuna aliyemwambia alinganishe. Picha mbili zikiwekwa ubavuni, akili hulinganisha bila kuombwa, na mbunifu anategemea tabia hiyo.

Sasa ondoa kidole usome. Angalia jinsi maneno yanavyopindua ulichokwisha kuamua. Macho yalikuwa yameshahukumu kwamba hatari iko kwa mwenye bunduki, kwa hiyo akili ikatarajia sheria nayo imeona hivyo. Sentensi inakuja na kusema sheria imeona kinyume. Pengo kati ya hukumu ya macho na hukumu ya sheria ndiyo kinaya ya tangazo hili, na huwezi kuipima vizuri kama ulisoma maneno kabla ya kuitazama picha.

Hatua ya 2: Orodhesha vilivyofanana

Wanafunzi wengi huruka hatua hii, wakidhani kuchambua mkinzano ni kutafuta tofauti. Anza na mfanano. Watoto ni wa umri wa kukaribiana. Wako mahali pamoja, penye mwanga mmoja, umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Nyuso zote mbili zimetulia. Hakuna aliyepewa sura ya mkorofi wala aliyepewa sura ya malaika. Kila mmoja ameshika kitu kimoja na kukionyesha.

Jiulize ingekuwaje kama mmoja angekuwa analia na mwingine anacheka, au mmoja yuko nyumbani kwao na mwingine yuko uani kwenye kiza. Mtazamaji angepata sababu nyingi za kueleza tofauti: huyu ana wazazi wabaya, yule anaishi mtaa mbaya. Kwa kusawazisha kila kitu, mbunifu ameziba njia hizo zote. Kimebaki kitu kimoja tu kinachowatenganisha watoto hawa, nacho kiko mikononi.

Kwa hiyo chora safu mbili kwenye karatasi: upande mmoja vilivyosawazishwa, upande wa pili vilivyoachwa vitofautiane. Kama safu ya tofauti ni ndefu kuliko ya mfanano, tangazo halijafanya kazi yake. Limekupa vurugu badala ya mkinzano.

Hatua ya 3: Kipime kitu cha pili

Hapa usiharakishe. Kitu kinachosimamishwa mbele ya bunduki hakina budi kutimiza masharti kadhaa kwa wakati mmoja, na kila sharti lina sababu yake.

Kwanza, kiwe kinajulikana na kinapendwa. Yai la chokoleti linanunuliwa na bibi kwa ajili ya mjukuu. Pili, kionekane hakina madhara kwa mtu wa kawaida, ili hata mpenda bunduki asiweze kusema kwa uso mkavu kwamba kinatisha kuliko bunduki. Tatu, kiwe kimekatazwa kweli, na sheria iwepo mtu akiitafuta. Nne, na hili ndilo gumu zaidi, kiwe kimekatazwa kwa sababu ileile ambayo tangazo linadai itumike kwa bunduki.

Yai la Kinder linatimiza yote manne. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 kuhusu chakula, dawa na vipodozi inazuia kuuza peremende au chokoleti yenye kitu kisicholiwa kilichofukiwa ndani yake. Kichezeo kilichomo ndani ya yai ni kitu cha namna hiyo, na hofu ni kwamba mtoto mdogo anaweza kukabwa nacho kooni. Maofisa wa forodha wamewahi kuwanyang'anya wasafiri mayai hayo mpakani wakitoka Canada. Sababu yenyewe ni usalama wa mtoto, neno kwa neno ile ambayo akina mama hawa walikuwa wanaililia.

Siamini kuwa ni bahati tu kwamba wazo hili lilitoka kwa watu wa Toronto. Canada mayai hayo yanauzwa madukani kama kawaida. Anayeishi upande ule wa mpaka anaona ajabu ambayo aliyezaliwa ndani ya sheria hiyo amekwisha kuizoea.

Kampeni ilikuwa na picha nyingine mbili za mtindo huohuo. Katika moja, badala ya yai kuna kitabu cha hadithi ya Little Red Riding Hood, msichana wa kofia nyekundu anayempelekea bibi yake chakula, na kapuni mna chupa ya mvinyo. Katika nyingine kuna mpira wa mchezo ambao watoto hurushiana wakikwepa, wa jamii ya rede yetu, ambao baadhi ya shule za Marekani ziliuona ni wa fujo mno. Zipime zote tatu kwa masharti yale manne. Utaona kitabu kinateleza kwenye sharti la nne: kilizuiwa kwa sababu ya pombe katika hadithi ya watoto. Hilo ni suala la malezi, si la uhai. Mpira nao unasimama, ingawa kwa mguu mmoja, kama tutakavyoona kwenye hatua ya tano.

Hatua ya 4: Jaza pengo la hoja

Tangazo halijasema bunduki za kivita zipigwe marufuku kwa kutoa sababu moja baada ya nyingine. Limeuliza tu. Maandishi madogo yanaeleza kwamba "sisi" hatuuzi mayai hayo ili kulinda usalama wa watoto, halafu yanahoji kwa nini isiwe hivyo kwa silaha za kivita. Hilo ni swali la balagha, na linamwachia mtazamaji amalizie. Aristotle aliandika zamani juu ya hoja ya aina hii, ambayo msemaji huacha sehemu yake bila kutamkwa ili msikilizaji aijaze kwa imani aliyonayo tayari. Anayejaza mwenyewe huona wazo ni lake, na ni vigumu mtu kulikataa wazo lake.

Kazi yako ni kuandika kile kisichotamkwa. Hapa kinaandikika hivi: kama taifa limekataza kitu chenye hatari ndogo ili kuwalinda watoto, basi linapaswa kukataza chenye hatari kubwa zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Waliosoma fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wataitambua njia hii mara moja. Katika Qur'ani, Sura ya Al-Israa, aya ya 23, mtu amekatazwa kuwaambia wazazi wake hata "Ah!", na wanazuoni wakaeleza kwamba kuwapiga kumekatazwa vikali zaidi ingawa aya haikutaja kipigo. Dogo likikatazwa, kubwa lililo mbele yake halihitaji andiko jingine. Tangazo la yai limejengwa juu ya ngazi hiyo.

Ukishaliandika pengo, jaribu kulipinga kwa nguvu zako zote. Pingamizi la kweli lipo: kuuza yai si haki iliyotajwa katika Katiba ya Marekani, ilhali kumiliki silaha kumetajwa katika Marekebisho ya Pili, na mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama ya Juu ilitamka kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi. Lipo na la pili: mtoto aliye pichani hawezi kisheria kununua bunduki ile dukani, kwa kuwa muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bunduki ndefu aliye chini ya miaka 18. Yai limekatazwa kwa wote, bunduki imekatazwa kwa mtoto peke yake. Uchambuzi usiotaja pingamizi hizi ni sifa tu.

Pingamizi hizi haziliui tangazo. Mtoto wa pichani hakuwekwa pale kama mnunuzi. Yuko pale kama anayefikiwa na silaha, na watoto wa Sandy Hook walifikiwa. Hata hivyo picha haisemi hivyo waziwazi, na mtu anayetaka kuikataa atapita mlango huo.

Hatua ya 5: Hakiki kila dai

Chukua kila sentensi ya tangazo uitafutie ushahidi nje ya tangazo. Kwa kampeni hii utapata madaraja matatu tofauti.

Yai: ni sheria ya nchi nzima, ya tangu 1938. Dai liko imara.

Kitabu: kiliondolewa na wilaya mbili za shule za California, Culver City na Empire, karibu mwaka 1990, kwa sababu ya ile chupa. Tangazo linapotumia "sisi" kana kwamba ni Marekani yote, limevuta kamba kupita urefu wake.

Mpira: hakuna marufuku ya taifa. Ni shule na wilaya mbalimbali zilizouzuia kila moja kwa uamuzi wake. Dai lina ukweli ndani yake, ila "sisi" hapo pia ni pana mno.

Ndiyo maana nimeichagua picha ya yai kuwa mfano mkuu. Ukweli wake unakubali kuvutwa. Mpinzani akitafuta uongo kwenye picha ya yai atarudi mikono mitupu, lakini kwenye ile ya kitabu atapata cha kushika, na akishapata kimoja atawaambia watu kuwa na mengine ni hivyohivyo.

Fanya vivyo hivyo kwa matangazo yanayotumia nambari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la Handgun Control lilichapisha bango la bastola iliyopakwa nyota na mistari ya bendera ya Marekani. Maneno yake yalihesabu watu waliouawa kwa bastola katika mwaka mmoja nchi kwa nchi: Japani 48, Uingereza 8, Canada 52, Marekani 10,728. Huo nao ni mkinzano, wa tarakimu badala ya vitu. Msomaji makini atauliza, je, Marekani si ina watu wengi? Ina wengi, takribani mara mbili ya Wajapani wa wakati ule. Vifo vilikuwa zaidi ya mara mia mbili. Hapo uhakiki umelipa dai nguvu kuliko lilivyokuwa.

Hatua ya 6: Lirudishe tangazo kwenye siku zake

Tafuta tarehe, kisha tafuta kilichokuwa kinaamuliwa tarehe hizo. Choose One ilitoka mwezi uleule ambao Seneti ya Marekani ilikuwa na muswada mezani. Tarehe 17 Aprili 2013, pendekezo la kupanua ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki lilipata kura 54 dhidi ya 46, na zilihitajika 60. Siku hiyohiyo pendekezo la kupiga marufuku silaha za kivita, ambalo ndilo hasa tangazo lilikuwa linaligombea, lilipata 40 tu.

Kwa kujua hayo unaelewa kwa nini tangazo lina haraka, na kwa nini linasema "silaha za kivita" badala ya bunduki kwa jumla. Marufuku ya silaha hizo iliwahi kuwepo, kuanzia 1994 hadi ilipomaliza muda wake 2004. Waliokuwa wanaidai walikuwa wanataka kurudishiwa kitu, na mtazamaji wa Marekani alilijua hilo bila kuambiwa.

Usilihukumu tangazo kwa kura hiyo peke yake. Jimbo la Connecticut lilipitisha sheria yake kali mwezi huohuo, na lile kundi la akina mama likaungana na mameya waliokuwa wakipinga silaha haramu kuunda Everytown for Gun Safety mwaka 2014.

Hatua ya 7: Tafuta kilichoachwa nje ya fremu

Kila mkinzano unaonyesha vitu viwili na kuficha vingine vyote. Andika angalau kimoja kilichofichwa.

Bunduki ya pichani ni ndefu, ya kivita. Wengi wanaouawa kwa risasi Marekani huuawa kwa bastola. Zaidi ya hapo, katika vifo 48,830 vya bunduki vilivyotokea nchini humo mwaka 2021, zaidi ya nusu walikuwa watu waliojiua. Mtu aliye peke yake chumbani na bastola ya droo hayumo katika picha ya watoto wawili shuleni. Naliona hili kuwa pungufu kubwa kuliko zote za matangazo ya aina hii, kwa sababu yanaufundisha umma kuogopa sura moja ya kifo na kuisahau ile iliyo nyingi zaidi.

Sisemi waliobuni walikosea. Waliomba kitu mahususi kwa wakati mahususi. Ila mchambuzi ana wajibu wa kuangalia upana ambao mwombaji hakuutazama. Na kuhusu watoto wenyewe, tangu 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa Marekani wa mwaka 1 hadi 19, ikiwa imezipita ajali za magari. Hofu ya wale akina mama haikuwa ya kutungwa.

Hatua ya 8: Mbadilishe mtazamaji

Ichukue picha ileile uipeleke Goma au Bukavu. Aliyekuwa mtu mzima mwaka 1996 na 1997 aliwaona kadogo, watoto waliobeba bunduki katika jeshi la Laurent-Désiré Kabila lililotembea kutoka mashariki hadi Kinshasa. Kaskazini mwa Uganda wapo wazazi ambao watoto wao walitekwa na kupewa silaha. Kwa mtazamaji huyo, mtoto mwenye bunduki si fumbo la kukisia. Ni kumbukumbu. Anamwona mtoto aliyelazimishwa kuua, wakati mama wa Connecticut anamwona mtoto anayeweza kuuawa.

Yai nalo linapoteza maana likivuka bahari. Msomaji wa Mombasa au Tanga hana kichwani sheria yoyote ya mayai ya chokoleti, kwa hiyo kinaya hakimfikii mpaka aelezwe, na kinaya kikishaelezwa kimekwisha makali. Andika kwenye uchambuzi wako mtazamaji gani tangazo linamhitaji, anajua nini tayari, na ni nani atakayeachwa nje.

Hatua ya 9: Liweke kando ya mikinzano ya aina nyingine

Bega kwa bega ni namna moja tu. Kundi lilelile la akina mama, Moms Demand Action, liliirudia Agosti 2014 dhidi ya maduka ya Kroger katika kampeni ya Groceries Not Guns: upande mmoja mnunuzi mwenye bunduki ndefu begani, upande wa pili mtu mwenye kitu ambacho duka halikiruhusu, kwa mfano ubao wa magurudumu, au mwanamume aliyevua shati. Swali lilikuwa yupi kati yao hakaribishwi. Kitu cha pili hapo kilikuwa kanuni ya duka lenyewe, si sheria ya nchi, kwa sababu aliyekuwa anaombwa kubadilika ni duka. Kroger iliwaomba wateja wasiingie na silaha waziwazi mnamo Septemba 2019, baada ya mauaji ya risasi katika duka la Walmart mjini El Paso, Texas, na baada ya Walmart yenyewe kufanya hivyo.

Mkinzano unaweza pia kupangwa kwa muda. Video ya Back-to-School Essentials ya Sandy Hook Promise, shirika la familia za waliouawa Sandy Hook, ya Septemba 2019, inaanza kama tangazo la kawaida la vifaa vya shule: begi jipya, viatu vipya, soksi. Kadiri inavyosonga, kelele za risasi zinaingia nyuma na vifaa vinabadilika kazi, hadi soksi inafungwa kwenye jeraha kuzuia damu na simu inatumika kumwandikia mama ujumbe wa mwisho. Vitu ni vilevile, siku imegeuka. Video nyingine ya shirika hilo, Evan, ya 2016, ilificha mkinzano wake ndani ya kina cha picha: mbele vijana wawili wanaandikiana kwa mapenzi, nyuma yao kuna kijana anayejiandaa kuua, na hatukumwona mpaka tulipoonyeshwa upya.

Ipo pia ya kilichopo na kilichokosekana. Machi 2018 wanaharakati wa Avaaz, mtandao wa kimataifa wa kampeni, walipanga jozi 7,000 za viatu kwenye nyasi za Bunge mjini Washington kwa ajili ya watoto waliouawa kwa bunduki tangu Sandy Hook. Mwaka 2021 shirika la Change the Ref, la wazazi wa Joaquin Oliver aliyeuawa shuleni Parkland, lilipanga viti 3,044 vitupu vya mahafali huko Las Vegas, kila kiti kwa ajili ya kijana ambaye angehitimu mwaka huo. Naona hizi za viatu na viti zinaumiza kuliko picha yoyote yenye bunduki ndani yake.

Na usisahau upande wa pili wa ubishi unatumia silaha hiyohiyo ya hoja. Januari 2013 chama cha wamiliki bunduki, NRA, kilitoa video iliyowalinganisha watoto wa Rais Obama, wanaolindwa na walinzi wenye silaha, na watoto wa kawaida wasiolindwa shuleni. Ipitishe video hiyo kwenye hatua zilezile. Utagundua inaanguka kwenye usawazishaji: watoto wa rais wana vitisho ambavyo mtoto wa jirani hana.

Hatua ya 10: Andika uchambuzi

Usifuate mpangilio wa hatua hizi unapoandika. Anza na dai lako juu ya tangazo kwa sentensi moja, mathalani: "Picha ya yai inafaulu kwa sababu kitu chake cha pili kimekatazwa kwa sababu ileile inayodaiwa kwa bunduki, ilhali picha ya kitabu haifaulu kwa kukosa sababu hiyo." Kisha eleza picha kwa mtu asiyeiona, onyesha kilichosawazishwa, litamke pengo, leta uhakiki, leta pingamizi, malizia na mtazamaji. Epuka kuandika "tangazo linagusa hisia". Sema hisia gani, inaamshwa na nini pichani, na inampeleka mtazamaji kutaka nini.

Ukitaka kutengeneza lako

Andika ombi kwanza, kwa sentensi yenye mtu wa kutenda na jambo la kutenda: Seneti ipitishe hiki, duka likataze kile. Bila ombi, mkinzano unazalisha masikitiko na kuishia hapo.

Kisha tafuta yai lako. Pitia sheria na kanuni za mahali husika, za chakula, vifaa vya kuchezea, usafiri, shule. Marekani kwa mfano, tume ya usalama wa bidhaa za walaji inaweza kuagiza kichezeo kibovu kiondolewe sokoni, lakini sheria imeizuia kugusa bunduki za kweli. Bunduki ya kuchezea inatakiwa iwe na alama ya rangi ya machungwa mdomoni. Hapo pana matangazo kadhaa ambayo hayajatengenezwa.

Ukilipata, tafuta andiko la sheria lenyewe na ulisome, usitegemee mtu aliyelisimulia. Kama marufuku ni ya wilaya moja, maandishi yako yataje wilaya hiyo. Yatakuwa marefu kidogo, lakini hayatakuaibisha.

Siku ya kupiga picha, sawazisha mwanga, urefu, umbali na nyuso kabla ya kufikiria uzuri. Ukitumia watoto, wazazi wawepo na wawe wamekubali kwa maandishi wakijua picha itafika wapi. Silaha iwe sanamu isiyoweza kufyatua, na mtoto aelezwe kwa lugha yake anachofanya. Mtoto aliyenusurika shambulio asiwekwe mbele ya kamera na bunduki, hata familia ikikubali. Kama mada ni kujiua, bunduki isionekane kabisa, na tangazo liwe na namba ya msaada.

Maneno yawe machache na yaache pengo. Picha ikisema bunduki ni hatari, maandishi yasiirudie. Yaseme kile ambacho picha haiwezi kusema, yaani kwamba kilichokatazwa ni kile kingine.

Ijaribu kwenye skrini ndogo ya simu, kwa sababu huko ndiko itakakoonwa. Kitu cha pili kikionekana kama doa, kikuze au kibadilishe. Baada ya hapo mwonyeshe mtu asiyekubaliana nawe, umwache aseme bila kumkatiza, uandike pingamizi lake la kwanza. Likiwa ni la ukweli wa dai, rudi kwenye sheria. Likiwa ni la thamani, kwamba yeye anaiweka haki ya silaha juu ya hofu yako, tangazo limemfikia na ubishi umehamia mahali pake.

Mwisho, kabla ya kulitoa, andaa ukurasa mmoja wenye jina la sheria, mwaka wake, kifungu, na maelezo ya jinsi picha ilivyopigwa. Mwandishi wa habari wa kwanza atakayepiga simu atauliza kama ni kweli yai limekatazwa, na atakayepokea simu awe na ukurasa huo mkononi.